Kuvua Gauni Mlangoni kwa Baba Mkwe

Tangu nistaafu simu yangu haijapumzika. Ninyi mliobaki kazini mnanipigia kuuliza ufunguo wa stoo uko wapi, koki ya ndoo ya kunawia ilinunuliwa duka gani, na kama glovu zilizopitwa na muda zinaweza kutumika kufulia. Ufunguo uko kwenye msumari nyuma ya mlango, pale pale ulipokuwa miaka yote. Glovu zilizopitwa na muda zitupwe. Na kwa kuwa mmeniomba pia niwaandikie jinsi kazi ya kufundisha kinga ya maambukizi ilivyokuwa, naandika, labda mtaniacha nile chakula cha mchana kwa amani.

Nilifika Kyela nikiwa muuguzi kijana kutoka Kondoa, na koti zito la sufu mwilini, kwa sababu mtu wa kwetu aliniambia mkoa wa Mbeya ni baridi. Mbeya mjini ni baridi kweli. Hakuna aliyeniambia kwamba ukishapita Tukuyu barabara inateremka na joto linapanda, na ukifika huku chini unalowa jasho hata ukiwa umekaa. Nikaripoti wodini na koti langu. Muuguzi mkuu wa wodi, mama mfupi aliyeitwa Bi Melania, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Vua hilo blanketi, unawe mikono." Nikanawa. Akaniambia ninawe tena. Nikanawa. Akaniambia tena. Nilipomaliza akasema, "Hapo sasa umenawa kama muuguzi. Mwanzo ulikuwa unanawa kama mtu anayewahi pilau ya harusi."

Bi Melania ndiye aliyenifundisha kufundisha, na chombo chake kikuu kilikuwa chupa ya mawese. Huku michikichi inaota hata usipoitaka, kwa hiyo mawese hayakosekani. Alikuwa anamvalisha mtu glovu mpya, anampaka mawese viganjani, kisha anamwambia afanye kazi zake za kawaida kwa muda mfupi na baadaye azivue. Halafu anamzungusha wodini kumwonyesha alama nyekundu: kwenye kitasa, kwenye kikombe, kwenye kalamu, kwenye kifundo cha mkono, na mara nyingi puani, maana watu wanajikuna bila kujua. Miaka mingi baadaye waliletwa wataalamu na rangi ya kisasa inayoonekana kwa taa maalumu. Umeme ulikatika kabla ya chai ya saa nne, na mimi nikatuma mtu sokoni akalete mawese.

Sitawaeleza vyeo vyangu, mnavijua, na havikunisaidia kumfanya mtu yeyote anawe. Nitawaeleza niliyoyaona. Nimeona glovu za kutumia mara moja zimefuliwa na kuanikwa kwenye kamba pamoja na vitenge, zimejaa upepo, zinapunga mikono. Nimeona gambuti za wodi ya kuhara zimekwenda shambani kwenye mpunga na kurudi na tope lake. Nimeona barakoa ikishushwa kidevuni ili mtu apige chafya vizuri. Nimeona dawa ya kutakasa mikono imefungiwa kabatini kwa kufuli, na nilipouliza kwa nini, nikajibiwa kwa fahari kwamba wakiiacha nje watu wataitumia. Siku hiyo nilitoka nje nikazunguka jengo kabla ya kurudi kuzungumza, kwa sababu ningesema maneno ambayo mkufunzi hapaswi kuyasema.

Na semina zetu nazo! Tunafika, tunapiga picha ya pamoja, tunakunywa soda, tunaonyeshwa ukutani picha za hospitali ya nchi nyingine, yenye chumba cha kuvalia, chumba cha kuvulia, na mlango wa kioo katikati. Kisha mtu anarudi kwenye kituo chake, ambako kuna korido moja na kuku anapita. Hakuna aliyemwambia afanye nini na kuku. Nilikuwa nasema hayo kwenye vikao, na wakubwa walikuwa wanatikisa kichwa kwa upole na kwenda kwenye ajenda inayofuata.

Baada ya korona nilipangiwa kuzungukia nyumba za kulea wazee. Ninayoikumbuka zaidi iko njia ya kwenda Matema, na sitaitaja jina. Ni ya kanisa, ina korido moja ndefu yenye vyumba kulia na kushoto, uwanja mbele, jiko nyuma, na migomba nyuma ya jiko. Matroni wake alikuwa mama anayeitwa Gwantwa, mcheshi, mchapakazi, anayeamini kwamba kitu chochote kikisafishwa kwa maji mengi na wimbo wa kwaya kimekuwa salama. Wahudumu wake walikuwa wachache na hawakuwa wauguzi. Walikuwa watu wa vijiji vya jirani, wanaopanda mpunga asubuhi na kuja kuogesha wazee mchana. Niliwafundisha kwa mawese. Tulipatana mahali pa kuvulia gauni la kujikinga na glovu ni wapi: mlangoni mwa chumba cha mgonjwa, kabla mguu haujaingia koridoni. Tukaweka ndoo ya taka yenye mfuniko wa kukanyaga na ndoo ya maji yenye koki kwenye kila mlango. Wakarudia maneno yangu kwa sauti moja. Nikaondoka nikiwa na furaha, na hiyo ilipaswa kunitia shaka.

Mwanafunzi bora pale alikuwa Atuganile, mama wa makamo kutoka Ikolo, mtulivu, mwenye mikono myepesi. Wazee walimpenda kupita wote. Akipita koridoni wanamwita kutoka kila chumba, huyu anataka maji, huyu anataka kugeuzwa, huyu anataka tu kusalimiwa, naye hawezi kumpita mtu. Mume wake alikuwa amevuka Kasumulu kwenda kutafuta maisha upande wa Malawi, na alikuwa hajarudi wala kutuma habari za kueleweka.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya. Maji yalipanda mpaka ndani ya nyumba za watu, visima vikachanganyika na vyoo, na ugonjwa wa kuhara ukaanza Ngonga. Huko Ngonga kulikuwa na mzee mmoja, Mzee Mwakibinga, mjane, ambaye nyumba yake ya tofali mbichi ilikaa majini mpaka ikalala. Ndugu zake wakakaa kikao wamweke wapi. Mtoto wake wa kiume hayupo. Kwa mkamwana wake haiwezekani, kwa mila za pale, nitazieleza. Wakaamua apelekwe nyumba ya wazee. Akafika kwa machela ya baiskeli, anahara, amekauka midomo, na Matroni akampa chumba cha mwanzo, karibu na uwanja, chenye kitanda kinachotazama mlango na, mlango ukiwa wazi, uwanja mpaka getini.

Baada ya muda mfupi Matroni akanipigia simu. Bibi Sekela wa chumba cha jirani ameanza kuhara. Kisha mwingine, kisha mwingine wa upande wa pili. "Na tunavaa kila kitu, mama," aliniambia, karibu kulia. "Atuganile anavaa mpaka miwani!" Nikapanda pikipiki nikaenda. Njiani nilikuwa namkaripia mtu ambaye nilikuwa sijamjua bado.

Sikumkaripia mtu nilipofika. Nilikaa kwenye benchi la korido nikatazama, na nawaambia ninyi mnaobaki, hiyo ndiyo kazi yenyewe, kukaa na kutazama. Atuganile akatoka chumba cha Mzee Mwakibinga amejifunika kila mahali. Gauni mpaka miguuni, aproni juu yake, barakoa, miwani, kofia, glovu zimepandishwa juu ya mikono ya gauni. Ungeweza kumpiga picha ukaibandika ukutani. Akaipita ndoo ya taka. Akaipita ndoo ya kunawia. Bibi Sekela akamwita kwa sauti ndogo, akaingia, akamnywesha maji, akamweka sawa mto. Akaitwa ng'ambo, akaenda. Akafika mwisho wa korido, akapita jikoni, akaingia migombani, na huko, mbele ya kuku, akavua kila kitu kwa mpangilio kamili, glovu kwanza, kwa namna ile ile niliyomfundisha. Nilitaka kulia kwa hasira. Kosa lisingeweza kufanywa kwa usahihi zaidi ya ule.

Nikamfuata.

"Atuganile, nilikufundisha kuvulia wapi?"

"Mlangoni, mama."

"Mlango gani?"

"Wa chumba cha mgonjwa. Kabla ya kuingia koridoni."

"Na hapa ni wapi?"

Akatazama chini. "Migombani, mama."

Alikuwa anajua! Mtu asiyejua namfundisha, nimefanya hivyo maisha yangu yote. Huyu alikuwa anajua kuliko matroni wake. Nikamuuliza sasa kwa nini, na nadhani sauti yangu ilipanda, maana mpishi alichungulia dirishani.

"Yule wa chumba cha mwanzo," akasema polepole, "ni tata. Ni baba mkwe wangu."

Mimi ni mtu wa kuja, lakini nimekaa huku vya kutosha. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto na baba mkwe wake hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawasemeshani, na wakikutana njiani mwanamke anaingia kichakani mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wamelegeza, na mjini vijana wanacheka habari hizo. Nyumba ya Mzee Mwakibinga haikuwa imelegeza. Kwa miaka yote ya ndoa yake Atuganile alikuwa hajawahi kumwambia yule mzee neno moja. Ndiyo sababu kikao cha ndugu kilikataa mzee akae kwake. Wakamwepusha na mkamwana wa nyumbani wakamleta kwa mkamwana wa kazini, na hakuna hata mmoja kwenye kikao hicho aliyefikiri mpaka hapo.

Kwa hiyo gauni, miwani na barakoa ndivyo vilivyomwezesha kuingia. Ndani ya vile vitu hakuwa yeye. Alikuwa mhudumu tu, hana uso, hana sauti, na aliweza kumwogesha baba mkwe wake na kumbadilishia shuka, kwa sababu hakuna mwingine wa kufanya hivyo. Matroni alikuwa na wanaume wawili wa kazi. Mmoja alikuwa ameacha kazi akarudi kwenye kakao yake, na mwingine naye alikuwa amelala anahara. Sasa mimi namwambia Atuganile afike mlangoni, pale pale kitanda kinapotazama, avue mbele ya macho ya mzee.

"Ndani umevaa sare kamili," nikamwambia.

"Najua, mama. Lakini gauni ni nguo. Mwanamke havui nguo mlangoni kwa baba mkwe."

Nikafanya ninachojua. Nikamvalisha glovu mpya, nikampaka mawese, nikamwambia apite njia yake ya kila siku kwenye vyumba vitupu nilivyoviandalia vikombe na mito. Alipomaliza nikamzungusha. Aliona alama zake nyekundu kwenye kikombe, kwenye mto, kwenye ukingo wa kitanda. Machozi yakamtoka. Akasema ameelewa. Na kesho yake akapita tena korido nzima mpaka migombani. Tofauti ni kwamba safari hii wazee walipomwita hakuingia. Alipita ameinamisha kichwa huku wanamwita, na lile gauni lake likifagia milango. Na gauni lenyewe linatosha kubeba ugonjwa.

Nikatundika pazia mlangoni, kitenge cha Matroni, ili avulie nyuma yake. Atuganile akalitazama lile pazia linapeperuka kila upepo wa ziwani ukivuma, kisha akanitazama mimi, akaenda zake migombani. Matroni akashauri tumwombee. Nikasema tumwombee huku tukimtafutia mhudumu mwingine. Tukatafuta. Wakati ule kila kijiji kilikuwa na wagonjwa wake na mpunga wake uliolala majini, na hakuna aliyekuja.

Bibi Sekela akafariki mchana mmoja, dripu mkononi. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyependa kuulizwa majina ya watoto wake ili apate kuyataja. Niliumia sana, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Niliyetaka kumkasirikia alikuwa anamsafisha maiti kwa uangalifu ambao sikuwahi kumfundisha. Atuganile hakuniuliza ugonjwa ulimfikiaje yule bibi. Nilimwona akinawa mikono tena na tena mpaka nikamfungia koki.

Ndipo nikaingia mwenyewe chumba cha mwanzo, kwa Mzee Mwakibinga, nimevaa kila kitu. Nilikuwa nimekasirika vya kutosha kumkalisha kitako mzee wa watu.

"Mugonile, baba," nikamsalimia. Kinyakyusa changu ni hicho tu, na ndaga, yaani asante.

"Ndaga. Wewe ndiye mwalimu wa kunawa," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu lakini akili ilikuwa yote.

"Ndiye mimi. Baba, unajua ni nani anakuogesha?"

"Akiingia nafumba macho," akasema. "Yeye hanioni na mimi simwoni. Tunaheshimiana."

"Heshima yenu imefika chumba cha jirani," nikasema, na nikamweleza yote, bila kumpunguzia. Bibi Sekela, gauni, korido, migomba. Nikamwambia kwamba katika mafunzo yote niliyopewa hakuna mahali palipoandikwa mtu afanye nini na baba mkwe, kwa hiyo anisaidie yeye, maana mimi nimeshindwa. Nikamwambia kufumba macho hakutoshi, kwa sababu mama yule hana hakika kama yamefumba, na hawezi kuuliza.

Nilidhani atakasirika. Alitazama mlango, akauliza.

"Wagonjwa wengine wanaweza kufa?"

"Wanaweza. Na wewe unaweza kuambukizwa tena kutoka kwao. Na yeye ana watoto nyumbani."

"Basi geuzeni kitanda," akasema.

Sikuelewa mara moja. Akanionyesha kwa kidole: kichwa kije upande wa mlango, miguu iende dirishani, kunakoonekana milima. Akilala hivyo mlango utakuwa nyuma yake na hana nguvu za shingo za kugeuka. Atuganile ataingia nyuma ya mgongo wa mzee na kutoka nyuma ya mgongo wake, na kila mtu ndani ya nyumba ile atajua kwamba mzee haoni kitu isipokuwa milima.

Jamani, kitanda! Semina zote zile, pazia, mawese, na wiki zile za vilio, na dawa ilikuwa kugeuza kitanda. Nilisimama pale nikajisikia kucheka na kupiga ukuta kwa wakati mmoja. Nikamwita Matroni, tukashika huku na huku. Tulipokuwa tunanyanyua, mzee akashika kidogo chuma cha kitanda kama anataka tusubiri.

"Hapa nilikuwa naona geti," akasema. "Mwanangu akija, atapitia geti."

Matroni akaniangalia. Kumbe kufumba macho kote kule, akishatoka mkamwana yalikuwa yanafumbuka kwa kazi moja tu. Nikamwambia, baba, kama ni hivyo tunaweza kutafuta njia nyingine. Nilisema hivyo nikijua hatuna.

"Geuzeni," akasema, akaachia chuma.

Atuganile alivua gauni mlangoni siku ile ile. Alianza na barakoa badala ya glovu, nikamrekebisha kwa ishara tu, ili mzee asisikie. Kuhara kulipungua, kisha kukaisha. Wengine waliokuwa wameugua walipona. Matroni aliimba kwa sauti iliyofika barabarani, akasema ni maombi, na mimi nilikuwa nimechoka kubishana.

Ninyi mtafundisha kwa vifaa bora kuliko vyangu, na natumaini mtapewa vitasa visivyong'oka. Mkifika mahali mkaona mtu anajua kila kitu na bado hafanyi, msirudie somo kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nilirudia, na somo halikuwa na kasoro. Kaeni kwenye benchi, mtazame, kisha muulize anamwogopa nani au anamheshimu nani.

Nilirudi pale kwa ufuatiliaji, mara yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Mzee Mwakibinga alikuwa amepata nafuu ya kukaa akiegemea mto, na Matroni alikuwa amemwambia kwamba sasa kitanda kinaweza kurudishwa, maana hakuna tena ugonjwa. Alikuwa amekataa. Alisema leo hakuna, kesho utakuja mwingine, na mama yule asihangaike tena.

Nilikuwa koridoni wakati Atuganile anamaliza kumhudumia. Akafika mlangoni, akavua glovu, akavua gauni kwa kulikunja ndani nje, akavua barakoa, akakanyaga ndoo, akanawa mpaka juu ya vifundo. Nilitafuta cha kumkosoa, nikakosa, jambo ambalo halijanitokea mara nyingi. Nilimsubiri aje tusalimiane. Hakuja. Alibaki amesimama kwenye kizingiti, uso wazi, maji yakidondoka vidoleni, akatazama nje, uwanjani, mpaka getini, na barabara ya Matema iliyokuwa tupu mpaka ilipokata kona. Yule anayetazamiwa getini ni mume wake pia.

Kisha akageuka kuelekea ule mgongo mwembamba na dirisha la milima.

"Tata," akasema, kwa sauti ambayo nilikuwa sijawahi kumsikia akiitumia, "leo pia hajaja."

Mzee hakugeuka.

"Ndaga, mwanangu," akasema. "Kesho uniangalizie tena."